Ramani Huria mezani kwa kamati ya kata: inashinda hoja zipi, inapwaya wapi

Mjadala wa mafuriko Dar es Salaam una kawaida ya kuishia kwenye kelele. Mkazi anasema mtaro ni mdogo, mtendaji anasema wananchi wanatupa taka, mhandisi anasema bajeti, na kikao kinafungwa kila mtu akiwa na lake. Ramani Huria ni bidhaa ya vyuo vikuu inayoweza kukata ubishi huo, ingawa si wote. Tunaitathmini hapa kwa macho ya mtu atakayeitumia: diwani, mwenyekiti wa mtaa, mwandishi wa habari, mwanaharakati, au mwanafunzi aliyeombwa na mtaa wake "atoe ramani".

Kwa asiyeifahamu, hizi ni ramani na data za wazi za kata za Dar es Salaam, zilizokusanywa kuanzia 2015 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, kwa ushirikiano wa COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na Humanitarian OpenStreetMap Team (shirika la uchoraji ramani wa kibinadamu). Jaribio la awali lilifanyika Tandale mwaka 2011, na wanafunzi wa Ardhi walikuwemo. Awamu ya kwanza ilijaza nyumba, barabara, vichochoro, shule na zahanati. Awamu ya pili, iliyoanza 2017, ndiyo iliyoleta mzigo wenye thamani zaidi kwenye mjadala wa sera: mitaro iliyopimwa upana na kina, na mipaka ya mitaa hadi mashina, iliyochorwa kwa kuongozana na viongozi wanaoijua.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa hoja ya mtaro, itumie. Kwa hoja ya mpaka wa mtaa, itumie. Kwa idadi ya watu na kwa fidia, iweke pembeni.

Kuipata

Bei ni bure. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni OpenStreetMap yenyewe, ramani ya wazi ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, ambako data nyingi ziliingizwa. Wa pili ni hifadhi ya Resilience Academy, mtandao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, Sokoine na SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland. Mlango wa pili una matabaka yaliyokwisha kupangwa, kila moja na maelezo yake, na unapakua kwa mfumo unaoutaka. Mlango wa kwanza una mabadiliko ya karibuni zaidi, lakini lazima uchambue mwenyewe.

Kwa mitaro, njia fupi ni hii. Fungua Overpass Turbo, tovuti ya kuchuja data za OpenStreetMap, sogeza ramani hadi kata yako ijae kwenye kioo, bonyeza Wizard, andika waterway=drain, endesha, kisha Export kwa GeoJSON, aina ya faili la ramani. Rudia kwa waterway=ditch, maana mitaro ya udongo mara nyingi imeandikwa hivyo, na anayeisahau hupata kata yenye nusu ya mitaro yake. Rudia tena kwa tunnel=culvert ili upate makalavati. Fungua faili zote tatu kwenye QGIS, programu ya kuchambua ramani ambayo nayo ni bure, na uzihifadhi upya kwa EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo unaopima kwa mita.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Data zinakuja kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Ukizitaka zikuchoree ukanda wa mita 60 kando ya mto kabla ya kuzibadilisha, QGIS itakupa nyuzi 60, na ukanda wako utameza Afrika nzima. Kosa hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni la michoro ya zamani ya mipango miji iliyotumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu ramani. Ukiilaza juu ya Ramani Huria bila kubadilisha mfumo, inahama kwa takriban mita 300, na kwa kuwa mitaa ya Dar inafanana, unaweza usigundue. Mtu anasimama kwenye kikao akionyesha nyumba iliyo juu ya hifadhi ya barabara, kumbe nyumba ipo mahali pake na aliyehama ni mchoro. Kabla ya kulinganisha chochote, tafuta makutano mawili ya barabara yanayoonekana kwenye ramani zote mbili uone kama yanalaliana.

Mtaro uliopimwa ni hoja nusu

Hapa ndipo bidhaa hii inapolipa. Mstari wa mtaro ukiwa na upana na kina, una hesabu ndani yake. Chukua mtaro wa zege wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50, wenye mteremko wa nusu mita kwa kila mita 100. Kwa kanuni ya Manning, inayokadiria maji yanayopita kwenye mfereji, ukitumia kigezo cha ukwaruzo 0.015, mtaro huo ukiwa safi na umejaa hadi ukingoni unapitisha takriban lita 460 kwa sekunde. Ujaze mchanga hadi nusu ya kina na wengi watasema umebaki na nusu ya uwezo. Hapana. Unabaki na takriban lita 190, sawa na asilimia 40, kwa sababu maji yaliyobaki yanasuguana na kuta na sakafu kwa kiwango kikubwa zaidi kulingana na wingi wake.

Sasa upande wa mvua. Eneo la hekta 3 lililojaa mabati na sakafu za saruji, mvua ya milimita 50 kwa saa, kigezo cha mtiririko 0.8 (yaani asilimia 80 ya mvua hutiririka): zidisha vyote vitatu, gawanya kwa 360, unapata mita za ujazo 0.33 kwa sekunde, yaani lita 330. Mtaro safi unabeba na kubakiza nafasi. Mtaro uliojaa mchanga nusu unafurika. Hivyo kwa mtaa huo mtendaji yuko sahihi: tatizo ni usafishaji, wala si ukubwa. Lakini kama eneo linalomwaga maji pale ni hekta 5, mvua ile ile inaleta lita 555, na hata ukiusafisha kwa mswaki mtaro utafurika. Hapo mkazi ndiye sahihi, na kumlaumu kwa taka ni kumwonea. Tofauti kati ya hoja hizi mbili ni hesabu ya nusu saa, na vipimo vyake viwili kati ya vyote tayari viko kwenye ramani.

Viwili tu, ndiyo maana tunasema hoja nusu. Mteremko haumo. Wengine huuchukua kwenye ramani za miinuko za setilaiti zenye pikseli ya mita 30, na hilo ni kujidanganya: makosa ya kimo kwenye ramani hizo ni ya mita kadhaa, wakati mtaro wetu unashuka nusu mita tu kwa mita 100. Picha za droni zinasaidia pale zilipo, mradi uhakikishe unasoma kimo cha ardhi na siyo cha paa. La uhakika zaidi ni mpira mwangavu wenye maji, ule mafundi ujenzi wanaotumia kupata usawa wa msingi. Watu wawili, futi kamba moja, unapima kipande kwa kipande, na usiache povu la hewa ndani ya mpira maana litakupa kimo cha uongo.

Kigezo kingine kinachokosekana mara nyingi ni koo la kalavati. Mtaro wetu wa 60 kwa 50 una eneo la mita za mraba 0.3. Ukifika barabarani ukaingizwa kwenye bomba la kipenyo cha milimita 450, eneo linashuka hadi 0.16. Ramani inaonyesha mstari mmoja usiokatika, macho yanaridhika, maji hayaridhiki. Nenda na futi kwenye kila kivuko, pamoja na vile vya kuingilia majumbani ambavyo mwenye nyumba amemwaga zege juu ya kipande cha bomba. Pima mdomo wa juu na wa chini, na andika kiasi cha mchanga ndani.

Angalia pia kama mistari imeungana. Kwenye OpenStreetMap mtaro huchorwa kufuata maji yanakokwenda, na JOSM, programu ya kuihariri ramani hiyo, inaonyesha mishale. Mshale ukielekea mlimani, kuna aliyechora kinyume. Mistari miwili ikigusana kwa macho bila kuwa na nukta ya pamoja, kompyuta inaihesabu kuwa mitaro miwili isiyojuana, na uchambuzi wowote wa mtandao wa maji utakwamia hapo.

Halafu kuna suala la msimu, ambalo kwa maoni yetu ndilo udhaifu wa asili wa data zinazokusanywa na wanafunzi. Mafunzo kwa vitendo kwa kawaida huangukia likizo ndefu, kuanzia Julai hadi Septemba. Masika ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo usitegemee maelezo ya mtaro uliokaguliwa kiangazi kuhusu kuziba kwake, hata kama mwanafunzi aliandika kwa uaminifu. Upana na kina vya zege havibadiliki kwa miezi. Mchanga na taka hubadilika kwa wiki. Chukua vipimo vya ramani, tupa safu ya hali ya mtaro, na ujaze yako mwezi Februari kabla mvua hazijaanza.

Mita 60, lakini kutoka wapi?

Hoja nyingine inayopelekwa kwenye Ramani Huria ni ya mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 katika bonde la Msimbazi iliacha alama za X kwenye kuta za watu, na tangu hapo swali la "nyumba ngapi zimo ndani ya mita 60" halijaisha. Ukiwa na nyumba zote kwenye ramani na mto umechorwa, jibu linaonekana rahisi: chora ukanda, hesabu mapaa.

Jibu hilo litakuwa na kasoro. Mto kwenye ramani mara nyingi ni mstari wa katikati, na sheria inasema ukingo. Mto wenye upana wa mita 20 ukipimwa kutoka katikati unapoteza mita 10 kila upande. Zaidi ya hapo, Msimbazi unatembea. Unatoka milima ya Pugu na mchanga wake, unakula kingo, unajaza upande mwingine, na maeneo ya chini karibu na Jangwani yanajulikana kwa kujaa mchanga. Ukingo wa picha ya 2016 siyo ukingo wa leo.

Utaratibu unaokubalika ni huu. Chukua picha ya droni au ya setilaiti yenye tarehe inayojulikana. Chora kingo zote mbili kama poligoni. Zungusha mita 60 kwa mfumo wa UTM. Kisha hesabu nyumba kwa makundi matatu: zilizo ndani kabisa, zilizokatwa na mstari, na zilizo ndani ya mita 5 nje ya mstari. Kundi la tatu ni la lazima kwa sababu uchoraji wa paa juu ya picha na GPS ya simu vyote vina kosa la mita kadhaa, na kwenye vichochoro vya mabati yanayokaribiana kosa hukua. Anayetangaza "nyumba 214" bila kutaja makundi hayo anaomba kuumbuliwa na mtu mmoja mwenye futi kamba.

Paa siyo kaya, pia. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6 na ukumbi wa kati inaweza kuwa na mwenye nyumba na wapangaji kadhaa, kila mmoja na jiko lake mlangoni. Anayezidisha idadi ya mapaa kwa wastani wa kaya anapunguza watu, na wanaopotea kwenye hesabu ni wapangaji, ambao tayari ndio wa mwisho kufikiriwa. Tumia sensa kwa idadi. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, na sensa ndiyo iliyobisha hodi. Fidia nayo ina wenyewe: ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa, na taarifa yake inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Umbo la paa kwenye ramani halina thamani ya pesa, na tumewahi kuona hoja nzuri zikifa kwa sababu mwenye ramani alijaribu kuifanya kazi hiyo.

Tarehe, basi. Kila kitu kwenye OpenStreetMap kina historia: bonyeza kitu, fungua historia, uone kilichorwa lini, kikabadilishwa lini na kwa chanzo gani. Tofautisha aliyechora kwa kutazama picha akiwa mbali na aliyefika. Mto Ng'ombe ni mfano mzuri, kwa sababu mradi wa DMDP (wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam) ulijenga mfereji mkubwa pale baada ya ramani za mwanzo; ukitumia vipimo vya zamani vya eneo hilo unajadili mto ambao haupo tena kwa sura ile. Mipaka ya kiutawala nayo imehama. Ubungo na Kigamboni zilizaliwa kuwa manispaa baada ya Ramani Huria kuanza, na Februari 2021 Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Jedwali lolote linalosema manispaa 3 ni la zamani.

Kuipeleka panapohusika

Ramani nzuri ikipelekwa ofisi isiyo yake hurudi na barua ya heshima. Mtaro wa kando ya barabara ya mtaa ni wa TARURA, iliyoanzishwa 2017. Wa kando ya barabara kuu ni wa TANROADS. Uzoaji taka ni wa halmashauri. Mto wenyewe unagusa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na NEMC, baraza la mazingira. Kwa hiyo kwenye jedwali lako la mitaro ongeza safu moja ya "mhusika", ujaze kabla ya kuchapa. Kazi hiyo hakuna mwanafunzi aliyekufanyia.

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Peleka karatasi ya A3 kwa kila mtaa, siyo A0 moja ya kata. Mwenyekiti anataka kuona mtaa wake na aweze kuandika juu yake kwa kalamu. Weka majina ambayo watu wanayatumia: kwa nani, nyuma ya msikiti upi, kituo gani cha daladala. Mashina yanasaidia sana hapo, maana mjumbe wa shina anajua maji yalifika wapi. Muulize kwa mwili, kifundo, goti au kiuno, na mwaka gani; usimuulize sentimita. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kupeleka wengine Mabwepande, bado ni kipimo ambacho wakazi wa muda mrefu wanakikumbuka vizuri.

Chini ya kila ukurasa andika chanzo: wachangiaji wa OpenStreetMap, tarehe ya kupakua, na vipimo ulivyoongeza mwenyewe. Leseni inadai chanzo kitajwe, na kikao nacho kitauliza. Kuna sababu ya tatu. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilikazwa 2018 kiasi cha kuwafanya watafiti wasite kuchapisha tarakimu zao, ikalegezwa 2019. Anayeonyesha waziwazi kwamba hizi ni hesabu zake, kwa njia hii na kwa data hizi, anasimama pazuri kuliko anayerusha namba tupu mtandaoni.

Je, imewahi kufika juu zaidi ya kata? Imefika. Majadiliano ya wadau kuhusu bonde la Msimbazi mwaka 2018 yalizaa mpango uliotolewa 2019, na Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa mradi wa bonde hilo 2022. Vyuo vilikuwa na mchango kwenye msingi wa ramani. Lakini msomaji asidhani kwamba ramani ndiyo iliyoamua. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, na hakuna aliyehitaji data ya wazi kujua kwamba Jangwani hufurika.

Alama zetu: upana na kina cha mitaro, 4 kati ya 5. Mipaka ya mitaa na mashina, 4. Nyumba, 3, na 2 kwenye kingo za mji zinazojengwa kila mwezi. Hali ya mitaro, 1. Maelezo ya jinsi ya kutumia kwa Kiswahili ni machache mno kwa bidhaa yenye jina la Kiswahili, na hapo vyuo havina kisingizio. Kinachotakiwa kwanza ni upimaji upya wa mitaro kila Februari kwenye kata chache za bondeni, wanafunzi 4 na mpira wa maji kwa kila kata, hata kama kalenda ya chuo italazimika kupindishwa kidogo.